Kupiga picha ndege waimbao kwenye matete na majaruba: mwongozo kamili kwa Kigoma na Tabora

Ndege anayeimba kwenye matete ana urefu wa sentimita 10 hadi 15 hivi, hatulii, na mara nyingi kuna jani limekatiza mbele ya jicho lake. Lenzi kubwa haiondoi tatizo hata moja kati ya hayo. Kinachosaidia ni kujua anatua wapi, kufika pale kabla yake, na kukaa chini. Mipangilio ya kamera tumeieleza kwa namba, lakini mbele zaidi, kwa sababu picha nyingi huharibika kabla mtu hajagusa kitufe chochote.

Hesabu kidogo itaonyesha tunachosema. Chukua ndege wa sentimita 12, lenzi ya milimita 300 na kamera yenye sensa ya ukubwa wa APS-C, ile iliyo kwenye kamera nyingi za bei ya kati. Ndege akiwa mita 15, urefu wake unachukua karibu sehemu moja ya kumi ya upana wa picha, yaani ukiikuza unaona punje tu. Akiwa mita 5, anachukua thuluthi. Ili upate thuluthi hiyo ukiwa mita 15 ungehitaji lenzi ya milimita 900 hivi, na bei yake unaweza kuikisia. Mita kumi zinapunguzwa kwa uvumilivu, na uvumilivu haununuliwi dukani.

Wapi pa kuanzia

Eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi ndilo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, mwaka 2000, na lina ukubwa wa hekta milioni 3.25. Ni pakubwa na pazuri, na ndiyo maana hatushauri mtu aanzie huko. Sehemu kubwa yake imo ndani ya mapori ya akiba au inapakana nayo, kwa hiyo unahitaji kibali cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Ukielekea Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, kibali ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Isitoshe, kuna mamba, viboko na mbung'o, na mtu anayetazama pembeni kila dakika hapigi picha nzuri.

Anzia kwenye majaruba ya mpunga na kingo za matete karibu na makazi. Kwa Kigoma, bonde la Mto Luiche kusini mwa Ujiji lina mpunga, matete na michikichi kwa pamoja, na michikichi hiyo ina faida yake: mnana huchana majani yake kuwa nyuzi za kufumia viota, kwa hiyo ukiona makuti yamebaki ujiti mtupu, koloni haiko mbali. Kwa Tabora, nenda bwawa la Igombe na mbuga za mpunga za Uyui, au Nzega na Igunga. Igombe lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji, hivyo pitia kwa mamlaka ya maji kabla ya kutoa kamera karibu na tuta au mitambo. Kijijini, piga hodi kwa mtendaji au mwenyekiti, kisha kwa mwenye shamba mwenyewe.

Mwenye shamba ana hoja yake na ni ya haki. Mpunga ukianza kutia maziwa kwenye punje, kwelea kwelea na kweche ni wezi kwake, na watu wanashinda juani wakiamia ndege kwa makopo na kombeo. Usimwombe aache kuamia ili upige picha. Muulize ni jaruba lipi limeshavunwa au bado halijazaa, ukakae huko. Mara nyingi atakuelekeza pia walipo viota, maana yeye huwaona kila siku.

Msimu na saa

Mvua huanza Novemba hivi na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa rangi na nyimbo, kipindi bora ni Januari hadi Aprili. Kweche dume huwa mwekundu na mweusi, fumbwe huota mkia mrefu kuliko mwili wake, na mnana wako kazini kwenye viota. Njoo Agosti kwenye tete lilelile na kweche huyo amevaa kahawia yenye michirizi kama jike wake, wala haimbi. Oktoba hadi Machi wapo pia wageni kutoka Ulaya na Asia: mbayuwayu, na vindege vya matete kama Acrocephalus schoenobaenus, ambaye huimba kwa mkwaruzo akiwa ndani kabisa ya majani.

Kiangazi si cha kudharau. Maji yakipungua, ndege wote wa eneo hukusanyika kwenye vidimbwi vichache kuoga na kunywa, na dimbwi moja lenye upana wa mita mbili linaweza kukupa chozi, shorewanda na chiriku asubuhi moja. Adui ni moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, ambao huipaka picha rangi ya vumbi.

Kuhusu saa, usifuate ratiba za watu wa Dar es Salaam. Jua la Kigoma huchomoza karibu dakika 40 baada ya lile la Dar, kati ya saa 12:35 na saa 1:12 asubuhi kutegemea mwezi. Tabora hutangulia Kigoma kwa dakika 13 hivi. Kwa hiyo uwe umeshakaa mahali pako saa 12 kamili, na nuru ya kazi ni kuanzia saa 1:15 hadi saa 3. Baada ya saa 3:30 hewa ya moto huanza kupanda kutoka kwenye tope na maji, na ndege aliye mita 20 anaonekana kama yuko nyuma ya mvuke wa sufuria. Jioni rudi saa 10:30 hadi saa 12:30. Kwenye ufukwe wa Tanganyika kumbuka kwamba asubuhi ukitazama ziwa jua liko mgongoni, na jioni hali hugeuka: linazama upande wa Kongo na kukupiga usoni, hivyo utapata kivuli cha ndege tu. Kivuli nacho ni picha, ukikitaka.

Vifaa

Lenzi ya 70–300 inatosha kuanzia, na ya 100–400 au 150–600 ni raha. Kwenye kibanda, stendi ya miguu mitatu inafaa. Kwingine kote tunapendelea mfuko wa maharage: shona mfuko wa turubai wa sentimita 25 kwa 15, jaza maharage makavu, acha nafasi kidogo ili lenzi izame. Mchanga ni mzito na vumbi lake hupenya hadi kwenye gia za lenzi. Maharage yakilowa yatoe siku hiyohiyo, la sivyo yatachipua.

Beba betri mbili, kitambaa cha pamba, mfuko wa nailoni wa kufunika kamera, na darubini ya 8x42 kama unayo. Mavazi yawe ya kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi huvutia mbung'o, na mbung'o wa mikoa hii wanaweza kubeba vimelea vya malale, kwa hiyo kaniki ibaki nyumbani. Gambuti ni lazima, kwa sababu kichocho hakiangalii kama umekuja kulima au kupiga picha. Maji yakiingia ndani ya buti, toka, jikaushe vizuri, ubadilishe soksi.

Kumsoma ndege kabla ya kutoa kamera

Siku ya kwanza nenda na daftari tu. Kaa mita 30 kutoka kwenye matete kwa saa moja na uandike kila dume anapotua kuimba. Utagundua haraka kwamba hatui ovyo. Kweche ana mabua matatu au manne marefu kuliko mengine na huyazungukia kwa zamu. Akiruka kujionyesha, hujivimbisha manyoya hadi akawa duara, hupeperuka polepole juu ya himaya yake, kisha hurudi, mara nyingi kwenye bua lilelile. Hilo bua ndilo unalolitafuta.

Vindege vya kahawia vya jamii ya Cisticola navyo huimba kwenye ncha ya bua au hurukaruka hewani wakiita, na dume mmoja anaweza kukaa kwenye ncha moja dakika nzima. Mnana dume hufuma kiota, kisha huning'inia chini yake kichwa chini, akipiga mabawa na kupiga kelele ili jike aje kukagua. Jike akikataa, kiota kinaweza kubomolewa na kuanzwa upya, na hapo una nafasi ya kupiga hatua zote za ufumaji. Wagumu ni wale wa ndani ya matete, kama Acrocephalus rufescens, na tiva kwenye vichaka vya ukingoni: unawasikia mbele ya pua na huwaoni. Kwa hao tafuta mwanya, mahali ambapo matete yamekatika na maji yanaonekana kwa upana wa mita moja hivi. Huuvuka mwanya huo mara kwa mara, na husimama kidogo kabla ya kuvuka.

Ukishachagua bua, angalia mambo matatu: jua la asubuhi litakuwa nyuma yako, mandhari ya nyuma ya bua yako mbali (mita 5 au zaidi, ili yayeyuke kuwa rangi tupu), na kuna mahali pakavu pa kukaa mita 5 hadi 7 kutoka hapo. Kimoja kikikosekana, hamia bua la pili. Usivunje matete ya jirani ili kusafisha njia. Jani moja linaloziba unaweza kulifunga pembeni kwa uzi na kulifungua ukiondoka, ila si karibu na kiota.

Kibanda cha kujificha

Kinahitaji fito 4 za mita 1.6, fito nyembamba 4 za mita 1.2 za kuunganisha juu, kitambaa cha kaki mita 6.5 chenye upana wa mita 1.5, kamba, na kigoda kifupi au ndoo ya lita 10 iliyopinduliwa.

1. Chimbia fito kwa kina cha sentimita 30 kwenye pembe za mraba wa mita 1.2. Kimo kinachobaki ni mita 1.3, cha kukaa, si cha kusimama.
2. Zungusha mita 5 za kitambaa. Mita 1.5 iliyobaki ni paa. Kinachozidi chini kizike udongoni au kilaze chini ya mawe. Kitambaa kinachopepea hufukuza ndege kuliko mtu aliyekaa kimya.
3. Kata tundu la lenzi la sentimita 20, urefu wake kutoka chini ulingane na bua ulilochagua, kwa kawaida sentimita 60 hadi 100. Lenzi ikiwa chini kuliko ndege, nyuma yake panakuwa na mbingu nyeupe. Ikiwa juu, unapiga mgongo. Juu ya tundu weka kipande cha wavu wa kijani ili usionekane ukisogea.
4. Mlango uwe nyuma.
5. Kiache siku mbili bila kuingia. Mwambie mwenye shamba ni cha nini, la sivyo utakikuta kimeshakuwa kitambaa cha mtu mwingine.

Ingia gizani na toka baada ya saa 3, wakati madume yamepunguza kuimba. Kama huna muda wa kibanda, kaa tu chini, mgongo kwenye kichuguu au shina la mchikichi, shuka la kaki mabegani, na usisimame. Dakika 20 za kwanza hazitaleta kitu. Kuanzia hapo ndege huanza kukuhesabu kama sehemu ya shamba.

Mahali penye mamba, kama kingo za Malagarasi kuanzia Uvinza hadi mlangoni pake upande wa Ilagala, usiweke kibanda ukingoni mwa maji hata kidogo. Waulize wavuvi. Wakisema hapana, ni hapana.

Mipangilio

Piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazibana. Tumia hali ya mkono kwa shata (muda wa kupokea nuru) na tundu la ndani ya lenzi linalopitisha nuru (namba za f/), na uiachie kamera ISO pekee, yaani wepesi wake wa kuhisi nuru, kikomo 6400. Chembechembe za ISO kubwa husafishika kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haitengenezeki.

Ndege aliyetua akiimba: 1/800 ya sekunde. Wengi huweka 1/250 wakidhani ametulia, wakati koo na mdomo vinatetemeka muda wote wa wimbo. Kweche akiruka kujionyesha: 1/2000. Mnana akipiga mabawa chini ya kiota: 1/3200, au shuka hadi 1/500 kwa makusudi ili mabawa yawe ukungu na kichwa kibaki wazi. Hiyo ya mwisho hushindikana mara nyingi kuliko kufaulu, piga mfululizo.

Tundu f/5.6 hadi f/8. Kwa lenzi ya 400 kwenye mita 5, f/5.6 inakupa kina cha sentimita 3.5 tu kilicho wazi, na f/8 inakupa 5. Ndege akikaa ubavu sambamba na kamera, f/5.6 inatosha. Akikugeukia, mdomo na mkia haviwezi kuwa wazi pamoja, basi chagua jicho.

Kwa fokasi, chagua nukta moja ndogo. Hali ya eneo pana hukamata jani lililo mbele, na hata kamera mpya zinazotambua jicho la ndege hudanganyika matete yakiwa mengi. Hila inayofanya kazi ni kuweka fokasi kwenye bua tupu kabla ndege hajaja. Akitua, unasahihisha sentimita chache badala ya lenzi kwenda na kurudi.

Mwangaza unahitaji uangalizi kwa ndege hawa. Nyekundu ya kweche na manjano ya mnana hupasuka kwenye jua kabla ya rangi nyingine, na manyoya yanageuka bapa la plastiki. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua (hatua moja ni nuru mara mbili au nusu), kisha angalia histogramu ya rangi, grafu ya mwangaza wa kila rangi kwenye skrini ya kamera, siyo ile ya jumla: mstari mwekundu usigonge ukuta wa kulia. Siku ya mawingu ndege akiwa mbele ya mbingu nyeupe, fanya kinyume, ongeza hatua moja. Flashi iache.

Upepo wa kusi kwenye ziwa, hasa Mei hadi Agosti, huyumbisha matete asubuhi nzima. Usipige bua likiwa katikati ya mwendo. Bua lolote linaloyumba husimama kidogo kwenye ncha mbili za mwendo wake, kushoto na kulia, na shata yako ingoje hapo.

Ukiwa kwenye mtumbwi

Patana bei na muda kabla ya kupanda, vaa boya, na umwachie mwenye mtumbwi maamuzi yote kuhusu viboko. Alfajiri hurudi majini kutoka malishoni na hupita njia zao. Stendi haina kazi hapa kwa kuwa inaleta mtikisiko wa mbao zote. Kaa chini, viwiko magotini, shata isishuke chini ya 1/2000. Mwombe achomeke upondo kwenye tope na kuufunga mtumbwi, kisha subirini kama mngesubiri kibandani. Kufuata ndege kwa kasia ni kumsukuma mbele tu.

Picha imeharibika: ni nini?

Ikuze hadi asilimia 100 na uitazame kwa utaratibu. Kila kitu kina mvurugo wa upande mmoja, hata majani: mkono wako ulitikisika. Majani yako wazi na ndege ana ukungu: alisogea, au fokasi ilishika jani, tafuta jani lililo wazi kuliko yote, likiwa mbele yake umepata jibu. Hakuna kilicho wazi popote ingawa shata ilikuwa 1/2000: ni hewa ya moto, na hakuna lenzi itakayokuokoa, sogea karibu au rudi kesho asubuhi. Jicho ni doa jeusi lisilo na nukta ya nuru: jua lilikuwa juu mno au nyuma yake. Ukungu laini kwenye picha zote tangu ulipofika: lenzi imetoka chumba chenye kiyoyozi ikapata mvuke. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa.

Viota na sauti za kurekodi

Kiota chenye makinda kipigwe kutoka mita 15 au zaidi, kwa dakika chache, au kisipigwe. Majani yanayokizunguka ni ulinzi wake dhidi ya kenge, nyoka na mwewe Polyboroides typus, ambaye huingiza mguu mrefu ndani ya viota vya mnana na kuchomoa makinda. Ukifungua njia ya lenzi, umemfungulia na yeye. Dume akiacha kuimba na kuanza mlio mkali mfupi unaorudiwa, au mzazi akizunguka na chakula mdomoni bila kuingia, umekaribia mno. Rudi nyuma.

Kucheza wimbo wake kwenye simu ili aje ni njia rahisi, na tunaikataa. Dume huacha jike na chakula kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Akirudiwa siku kwa siku anaweza kuhama bua ulilolitafuta kwa juhudi zote hizo.

Baada ya kurudi

Futa kamera kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye chombo kinachofungika vizuri pamoja na pakiti za silika. Mchele hunyonya kidogo na huacha vumbi. Kwenye msimu wa mvua, lenzi iliyofungiwa ikiwa na unyevu huota kuvu ndani ya vioo.

Kwa vindege vya kahawia, picha moja nzuri haitoshi kumtambua. Piga ubavu, mgongo na mkia uliokunjuliwa, na urekodi wimbo kwa simu dakika moja, kwa sababu jamii ya Cisticola hutofautishwa kwa sauti kuliko kwa manyoya. Andika tarehe, saa na aina ya uoto: mafunjo, matete au mpunga. Ukipandisha rekodi kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, taja bonde au bwawa, lakini usitoe sehemu kamili ya kiota. Kwenye kusahihisha rangi, kitelezi cha nyekundu kikipandishwa juu ya 10 hivi, kweche huanza kufanana na bango la soda.